Mto Songwe, cheti cha kuzaliwa na ada ya chuo: nani ni mtoto wetu?

Wadau, kila mwaka majina ya waliopata mikopo ya elimu ya juu yanapotoka, magazeti yetu hujaa habari za waliokosa. Mimi mwenyewe nimeziandika, tena si mara moja. Wazazi wanalia, wanafunzi wanalalamika, wabunge wanauliza maswali, kisha maisha yanaendelea. Leo nataka tuwazungumzie watu wengine kabisa, ambao hata kwenye orodha ya waliokosa hawamo kwa sababu hawakuomba. Ni vijana waliokulia hapa hapa, wakasoma shule za kata, wakafaulu vizuri tu, lakini hawana karatasi ya kuonyesha kwamba ni wa hapa. Kwao chuo cha umma kina bei nyingine. Kwa wengi wao bei hiyo maana yake ni kwamba chuo hakipo.

Kwetu ni Lufingo, wilaya ya Rungwe. Kwa wasiopafahamu, ni kata iliyo jirani na mji wa Tukuyu, kule kwenye migomba, chai, maparachichi na mvua isiyojua likizo. Lufingo haiko mpakani. Lakini ukishuka na barabara ya Kyela mpaka Kasumulu unafika mto Songwe, na ng'ambo ya mto ni Malawi, wilaya ya Karonga. Wanaoishi ng'ambo ile ni Wangonde. Mnyakyusa na Mngonde wanasikilizana kila mmoja akiongea lugha yake, na majina yanayoanza na Mwa- yamejaa pande zote mbili. Bibi zetu waliolewa huku na kule, na misiba tunazikana. Mpaka wenyewe ulichorwa Ulaya tarehe 1 Julai 1890, Waingereza na Wajerumani walipogawana, na hakuna Mnyakyusa wala Mngonde aliyeulizwa.

Kibaya zaidi, mto waliouchagua kuwa mpaka hautulii. Kule chini kwenye tambarare, Songwe ukifurika hubadili mkondo. Mtu analala shamba lake likiwa Tanzania, anaamka liko ng'ambo ya maji. Si utani huu. Moja ya sababu zilizozifanya serikali zetu mbili zianzishe mpango wa pamoja wa bonde la Songwe ni kuutuliza mto huo ili mpaka usiendelee kuhamahama. Sasa hebu tujiulize: ikiwa mpaka wenyewe umeshindwa kukaa mahali pamoja, tunawezaje kumtaka kijana wa miaka 19 athibitishe babu yake alizaliwa upande gani?

Tuanze na karatasi yenyewe. Cheti cha kuzaliwa ambacho leo kinaonekana kama jambo la kawaida hakikuwa cha kawaida kwa babu zetu. Waingereza walipoweka sheria ya kusajili vizazi na vifo Tanganyika, mwaka 1920, usajili ulikuwa lazima kwa Wazungu na watu wa asili ya Asia. Mwafrika hakulazimishwa. Serikali ya kikoloni ilitaka kujua idadi yetu kwa ajili ya kodi ya kichwa, lakini tumezaliwa lini na wapi haikuihusu. Ni baada ya Uhuru, katika miaka ya 1960, ndipo usajili wa lazima kwa Waafrika ulipoanza kusogezwa wilaya baada ya wilaya, taratibu sana. Waliotaka kujua tarehe walikwenda kanisani. Kwa Wanyakyusa wengi, kwa kuwa Wamoraviani na Walutheri wa Kijerumani walifika kwetu mwaka 1891, cheti cha ubatizo ndicho kilikuwa karatasi ya kwanza kwenye ukoo. Aliyekuwa hajabatizwa alikumbukwa kwa njaa fulani, au kwa mwaka fulani wa mafuriko.

Tarehe 9 Desemba 1961 tukapata nchi, na nchi ikapata raia. Kanuni ya siku ile haikuwa ngumu kueleweka: aliyezaliwa Tanganyika, na angalau mzazi wake mmoja naye akawa amezaliwa Tanganyika, akawa raia moja kwa moja. Aliyezaliwa hapa lakini wazazi wote wawili walizaliwa kwingine alipewa muda wa kuomba kusajiliwa. Kwenye karatasi ni jambo jepesi. Lakini kule kwetu mwaka ule nani alijua kuna kuomba? Mtu aliyehamia Rungwe kutoka Karonga na kuoa pale hakujiona kama mgeni. Majirani hawakumwona mgeni, chifu wake alikuwa ameshampa ardhi, na kanisa lilikuwa limeshamwandika. Muda ukapita, na wala hakujua kama alikuwa na saa ya kuwahi.

Nataka tukumbuke kwamba kwa muda mrefu jambo hili halikumzuia mtu kusoma. Mfano mzuri ni Kanyama Chiume. Alizaliwa Usisya, Nyasaland, mwaka 1929, na akiwa mtoto mjomba wake alimleta Tanganyika. Akasoma Dar es Salaam, akasoma Tabora, akaenda Makerere. Mwaka 1964 alikuwa waziri wa mambo ya nje wa Malawi. Alipokorofishana na Dk. Banda mwaka huo huo, pamoja na mawaziri wenzake, alirudi kuishi uhamishoni Dar es Salaam kwa miaka mingi, akiandika vitabu, vingine kwa Kiswahili. Waliompokea shuleni Tanganyika hawakusubiri kwanza mto Songwe useme yeye ni wa nani.

Hata chuo kikuu chenyewe kilianza bila kuwa na mipaka mikali. Chuo cha Dar es Salaam kilifunguliwa tarehe 25 Oktoba 1961 kwenye jengo la TANU mtaa wa Lumumba, kikiwa na wanafunzi wa sheria wasiozidi 15. Mwaka 1963 kikawa sehemu ya Chuo Kikuu cha Afrika Mashariki pamoja na Makerere na Nairobi, Mwalimu Nyerere akiwa mkuu wa chuo. Mtanzania aliyetaka udaktari alikwenda Makerere, aliyetaka uhandisi akaenda Nairobi, na Mkenya au Mganda aliyetaka sheria akaja Dar. Yoweri Museveni alikuja kusoma Mlimani mwaka 1967 akamaliza 1970, na huo ndio mwaka chuo kile cha pamoja kilipovunjwa, kila nchi ikabaki na chake. Tangu hapo chuo kikawa cha taifa, na suala la nani ni wa taifa likaanza kuwa na bei.

Ila bei ile haikuonekana mara moja, maana serikali ndiyo iliyolipa. Vijana wa leo tukisimuliwa enzi hizo tunadhani tunadanganywa: nauli, chakula, malazi, vitabu, hata pesa kidogo mfukoni! Malipo yake yalikuwa utumishi. Wote tunaufahamu mfano wa Mwalimu, wa kijiji chenye njaa kinachompa mtu mmoja chakula chote kilichobaki ili apate nguvu za kwenda mbali kuwaletea wenzake. Asiporudi, ni msaliti. Mwalimu hakuwa anatania. Oktoba 1966 wanafunzi walipoandamana kupinga masharti ya kujiunga na Jeshi la Kujenga Taifa, aliwarudisha nyumbani karibu wanafunzi 400, na siku ile ile akatangaza kupunguza mshahara wake mwenyewe. Ulikuwa mkataba kati ya kijana na nchi. Haukuwa na namba ya kitambulisho ndani yake. Aliyejulikana kijijini kwake alijulikana na serikali, kwa sababu serikali ilikuwa inamuuliza balozi wa nyumba kumi.

Na katika miaka hiyo hiyo ya umaskini tuliwasomesha wasio wetu kabisa, watu ambao nchi zao zilikuwa zimewanyima hati. FRELIMO walikuwa na Taasisi ya Msumbiji Dar es Salaam tangu 1963. Baada ya vijana wa Soweto kukimbia nchi yao kufuatia mauaji ya 1976, Tanzania iliwapa ANC ardhi ya Mazimbu, Morogoro, wakajenga shule ya Solomon Mahlangu, iliyoanza kufundisha mwaka 1978. Wengi wa vijana wale walifika bila pasipoti. Shule ile tulikabidhiwa mwaka 1992, na leo ni kampasi ya Chuo Kikuu cha Sokoine. Yaani, ndugu zangu, tunayo kampasi ya chuo cha umma iliyoanzishwa kwa ajili ya wanafunzi wasio na hati za kusafiria! Nadhani hili tungelisema kwa sauti kubwa zaidi kuliko tunavyolisema.

Kisha yakaja mageuzi ya uchumi. Kuanzia mwaka wa masomo 1992/93 serikali ilianza awamu za uchangiaji wa gharama. Kwanza nauli na michango midogo, baadaye chakula na malazi, halafu ada. Mikopo ikaanza kutolewa na wizara, na mwaka 2004 Bunge likapitisha sheria namba 9 ya kuanzisha Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu, iliyoanza kazi Julai 2005. Na hapo kuna lile neno tamu kuliko yote Mlimani: bumu. Leo bumu la chakula na malazi ni shilingi 10,000 kwa siku, baada ya kupandishwa kutoka 8,500.

Siilaumu Bodi kuwepo. Mimi ni zao lake, na ninakatwa asilimia 15 ya mshahara kila mwezi kama wanufaika wenzangu. Ninachotaka tuone ni kilichobadilika. Zamani serikali ilimlipia mtu kwa sababu ilikuwa inamtaka arudi kuitumikia. Sasa inamkopesha mtu, na mkopeshaji yeyote lazima ajue anamkopesha nani. Hivyo karatasi, ambazo kwa miaka 80 hazikuwa na kazi kubwa kijijini, ghafla zikawa ufunguo. Awe Mtanzania. Awe na cheti cha kuzaliwa, tena kilichohakikiwa na RITA. Kama mzazi amefariki, cheti cha kifo, nacho kihakikiwe. Awe na namba ya NIDA. Awe na mdhamini mwenye kitambulisho. Mtendaji na mwenyekiti wagonge mihuri. Kwa mtoto wa mwalimu wa Mbeya mjini hiyo ni kazi ya wiki mbili na nauli. Kwa wengine ni ukuta.

Upande wa pili wa ukuta kuna bei ya mgeni. Katika vyuo vya umma ada ya programu nyingi za shahada ya kwanza kwa Mtanzania ni kati ya shilingi milioni moja na milioni moja na nusu kwa mwaka. Kwa mgeni ada ni kubwa zaidi. Mgeni hana mkopo. Kwa hiyo asiyeweza kuthibitisha kwamba ni Mtanzania anakumbana na mambo mawili kwa pamoja: hana wa kumkopesha, na akihesabiwa mgeni anadaiwa ada ya mgeni. Huyo ni kijana ambaye mama yake anauza ndizi kwa mkungu.

Nina mtu niliyesoma naye sekondari huko huko Rungwe. Jina lake naliacha. Baba yake alivuka Songwe akiwa kijana, akafanya kazi ya kuchuma chai, akaoa kwetu, akafariki mwanawe akiwa darasa la pili. Alizikwa siku ya pili yake kama tunavyozika sote, na hakuna aliyekwenda wilayani kuomba cheti cha kifo. Nani angekitaka? Mama ni Mnyakyusa wa kuzaliwa, ila naye hakuwahi kusajiliwa. Kijana akamaliza kidato cha sita na daraja la kwanza, kwenye masomo ambayo wengi wetu tulikuwa tunamfuata yeye atusaidie. Wakati sisi tunahangaika na fomu, yeye alisoma masharti mara moja, akakunja karatasi, akasema, "Hapa wataanza kuuliza ya mzee." Hakuomba. Hakukataliwa na yeyote, maana hakufika dirishani. Leo ananunua maparachichi kwa wakulima kwa niaba ya madalali, na hesabu zake hazikosei hata senti.

Sasa angalieni vizuri. Kwa sheria ya uraia ya 1995, huyu kijana aliyezaliwa Tanzania na mama Mtanzania ana kila sababu ya kuwa raia. Tatizo lake ni ushahidi. Na hapa ndipo mijadala yetu inapopotea kila mara. Tunaposikia "wasio na vibali" tunamfikiria mtu aliyefichwa ndani ya lori la mahindi usiku. Kule kwetu wengi ni watu wasio na karatasi, na asiye na karatasi si lazima awe asiye raia. Hayo ni mambo mawili, lakini mbele ya kaunta yanaonekana kama moja.

Hofu ya huyu kijana nayo haikutoka hewani. Wanahabari tunakumbuka mwaka 2001, serikali ilipotangaza kwamba watu wanne mashuhuri si raia wa Tanzania. Mmoja wao alikuwa Jenerali Ulimwengu, mwandishi wa habari, aliyekuwa mhitimu wa sheria wa Mlimani, mkuu wa wilaya na mbunge. Baadaye alipewa uraia wa kuandikishwa. Mimi nilisimuliwa habari hii na wakubwa zangu chumba cha habari, na funzo walilolichukua wengi vijijini mipakani lilikuwa hili: ikiwa mtu wa namna ile anaweza kuulizwa babu yake ni nani, mimi nikae kimya. Na anayekaa kimya haombi cheti, wala mkopo.

Je, kuna yaliyofanyika? Yapo, na ni haki kuyasema. Utafiti wa kitaifa wa afya na idadi ya watu wa 2010 ulionyesha kwamba watoto 16 tu kati ya kila 100 wa chini ya miaka mitano ndio waliokuwa wamesajiliwa. Kwa hali hiyo RITA, kwa msaada wa UNICEF, wakaja na utaratibu mpya wa kusajili watoto wa chini ya miaka mitano bila malipo, kwenye vituo vya afya na ofisi za watendaji wa kata, taarifa zikitumwa kwa simu ya mkononi. Na mkoa ulioanza, mwaka 2013, ni Mbeya! Yaani kwetu. Mwaka huo huo vitambulisho vya taifa vya NIDA vikaanza kutolewa.

Fanyeni hesabu pamoja nami. Mtoto aliyekuwa chini ya miaka mitano mwaka 2013 alizaliwa kuanzia 2008. Hao ndio wanaoingia umri wa chuo sasa. Dada yake aliyezaliwa 2005 katika nyumba ile ile, baba yule yule na mama yule yule, alikosa. Nyumba moja, watoto wawili, mmoja ana cheti cha bure na mwingine anatakiwa atafute kadi ya kliniki, cheti cha ubatizo na cheti cha darasa la saba, pamoja na utambulisho wa wazazi ambao nao hawakusajiliwa. Na ndiye huyu dada aliyesoma kidato cha kwanza hadi cha nne bila ada baada ya serikali kuifuta kuanzia Januari 2016, akafika kidato cha tano wakati ada za huko nazo zimefutwa mwaka 2022. Nchi imemsomesha bure njia nzima. Imemsimamisha kwenye geti la chuo na kumuuliza, "Wewe ni nani?"

Majirani zetu wamepita hapa. Kenya kuna Wamakonde wa Kwale, ambao wazee wao walikwenda kufanya kazi kwenye mashamba ya mkonge enzi za ukoloni, wakitokea Msumbiji na Tanganyika. Walikaa pale vizazi vitatu bila vitambulisho, na Kenya bila kitambulisho huombi mkopo wa elimu ya juu. Oktoba 2016 walitembea kwa miguu kutoka Kwale kuelekea Ikulu ya Nairobi. Rais Uhuru Kenyatta akaagiza wapewe vitambulisho, nao wakatambuliwa kama kabila la 43 la Kenya. Mwaka 2023 ikafuata zamu ya Wapemba wa pwani ya Kenya. Sisi wenyewe tuna mfano mkubwa kuliko huo: Warundi waliokimbia mauaji ya 1972 na kukaa Katumba, Mishamo na Ulyankulu. Zaidi ya 162,000 walikubaliwa uraia mwaka 2010, vyeti vikakwama, na kuanzia Oktoba 2014 vikaanza kugawiwa. Kwa hiyo msiniambie haiwezekani. Tukiamua, tunaweza, na dunia ilitusifu.

Hata huko Marekani mjadala huu upo na una sura mbili. Mwaka 2001 jimbo la Texas, lililokuwa likiongozwa na gavana wa chama cha Republican, Rick Perry, lilikuwa la kwanza kupitisha sheria ya kumruhusu kijana asiye na kibali alipe ada ya mkazi wa jimbo, mradi awe ameishi pale miaka mitatu na kumaliza sekondari pale. California ikafuata mwaka ule ule. Juni 2025 sheria ile ya Texas ilibatilishwa mahakamani baada ya serikali kuu kuishtaki, na jimbo halikuitetea. Florida nayo ilifuta ya kwake mwaka huo huo. Kwa hiyo sisemi tuige Marekani, maana wao wenyewe wamegeuka. Lakini swali ambalo sheria ya Texas iliuliza lilikuwa zuri. Haikuuliza "babu yako ni nani?" Iliuliza "umesoma wapi?"

Najua mtakachoniambia. Kwamba fedha za mikopo hazitoshi hata kwa wenye karatasi zote. Ni kweli. Kwamba tukilegeza, watu watavuka mpaka kuja kuchuma tusichokipanda. Hilo nalo si la kupuuza, maana kughushi tunakujua sana Bongo. Lakini mwizi wa mkopo hawezi kuja kukaa darasani Rungwe miaka 13, kuanzia darasa la kwanza hadi kidato cha sita, akisubiri bumu! Na mkopo si sadaka. Unarudishwa kwa asilimia 15 ya mshahara. Kijana mwenye daraja la kwanza akiachwa ananunua maparachichi, hakuna aliyeokoa pesa. Tumetupa ile tuliyokwisha kuitumia kwake.

Basi mimi napendekeza jambo dogo. Baraza la Mitihani lina mfumo wa PReM unaomfuata mwanafunzi kwa namba yake tangu shule ya msingi. Lina namba yake ya mtihani wa kidato cha nne na cha sita. Mtendaji wa kata anamjua, mwalimu mkuu anamjua. Rekodi hiyo ya miaka 13 ihesabiwe kuwa ushahidi wa kutosha wa kumpa cheti cha kuzaliwa aliyechelewa kusajiliwa, na wakati shauri lake linasubiri, adaiwe ada ya Mtanzania. Uhamiaji wakiwa na shaka naye, wao ndio walete ushahidi. Zaidi ya hapo, usajili ule wa bure wa 2013 upandishwe umri, hata kwa mwaka mmoja tu, kwa wilaya za mipakani na za jirani: Kyela, Rungwe, Ileje, Ngara, Kasulu na nyinginezo. Tuwafikie hawa waliozaliwa kabla ya 2008 kabla hawajazeeka nje ya geti.

Nchi iliyowapa Waafrika Kusini ardhi ya kujenga shule Mazimbu bila kuwadai pasipoti haiwezi kushindwa kumtambua mtoto aliyeimba wimbo wa taifa kila asubuhi kwenye uwanja wa shule ya kata. Au tumebadilika kiasi hicho? Nijibuni ninyi.

Nawasilisha.